Kikombe cha Bati cha Mpima Maji

Ukimkaribisha Kitambaa maji ya kunywa, jiandae kusubiri. Ataipokea glasi kwa ncha za vidole, juu kabisa ukingoni, kana kwamba ubavuni kuna moto. Atatafuta nguo yoyote laini iliyo karibu, upindo wa mtandio au mkono wa gauni, aifute glasi pande zote. Kisha ataiinua kuelekea dirishani, afumbe jicho moja, aigeuze kidogo na kuitazama kwa upande. Ndipo anywe. Mume wake, ambaye ni fundi wa kufuli na hakosi neno, husema ameoa mtu asiyeajiri glasi yoyote bila kuifanyia usaili.

Hana nia mbaya hata chembe. Ni kazi iliyomharibu, na mwenyewe anakubali huku anacheka. Kitambaa ni mpima maji. Kila siku ya kazi hupanda ngazi za chuma za kituo cha maji mpaka chumba cha vipimo, chumba chembamba chenye sinki mbili, kiti kimoja kizuri na kingine cha kuvunja watu migongo, na dirisha linalotazama matangi ya kuchujia. Juu ya meza, mbali na sinki, kuna mashine ya kijivu ambayo mtu anaweza kuipakata kama mtoto mchanga. Hiyo ndiyo inayomlisha.

Ndani ya mashine kuna taa. Unatia maji kwenye kichupa cha kioo, unakitumbukiza katika tundu lake, unafunika, na taa inapiga mwanga katikati ya maji. Maji yakiwa safi, mwanga unapita moja kwa moja na kwenda zake. Yakiwa na tope, vumbi au chochote kinachoelea, mwanga unagonga hivyo vidude na kutawanyika, na pembeni kuna jicho la mashine linalousubiri ule uliotawanyika. Likidaka mwingi, namba inapanda. Likidaka kidogo, namba inashuka, na watu wa zamu wanakunywa chai yao kwa amani. Taabu ni kwamba jicho lenyewe halichagui. Alama ya kidole juu ya kioo, mkwaruzo, povu, unyuzi wa nguo, vyote kwake ni uchafu tu. Ukiingiza kichupa ambacho dole gumba lako limekipiga muhuri ubavuni, mashine itautangazia mji mzima kwamba maji yamechafuka, kumbe mchafu ni wewe.

Ndiyo maana kichupa hushikwa shingoni, kikafutwa, kikatiwa tone la mafuta maalumu ya kuziba mikwaruzo, kikafutwa tena mpaka kionekane kikavu. Kufutia kuna kitambaa chake, cheupe, kisicho na nyuzi, kilichotundikwa kwenye msumari wa peke yake nyuma ya mlango. Mlinzi mmoja aliwahi kukitumia kufutia miwani. Alikumbushwa jambo hilo mpaka siku ya kumuaga alipostaafu, tena katika hotuba. Kwa ulinzi wa namna hiyo, kituo kizima kilimwita mama huyu Kitambaa, na jina likamganda. Hata barua ya pongezi aliyowahi kupewa na uongozi iliandikwa hivyo kwanza, ikabidi ichapwe upya.

Sasa, siri ya mama huyu, au niseme kidonda chake, haikuwa kituoni. Ilikuwa kwa mama mkwe wake, juu ya sinia.

Wiki aliyoanza kazi ndiyo wiki aliyopelekwa na mchumba wake kujitambulisha. Alikuwa binti bado, mwembamba, mwenye hofu ya kazi mpya na hofu ya mama mkwe mpya kwa pamoja. Kazini mambo hayakuwa yakienda. Mkuu wa maabara, mtu mpole asiyepaza sauti, alikuwa akikitazama kila kichupa alichofuta na kusema neno moja tu: "Rudia." Akifuta, rudia. Akifuta tena, rudia. Alishinda akisikia neno hilo mpaka akawa analisikia hata anapopiga mswaki.

Basi akaingia sebuleni kwa watu. Sebule ilikuwa ndogo, imefagiliwa mpaka pembe, mapazia yamefungwa vizuri pembeni ili mwanga uingie. Mama mkwe, mwanamke mrefu, mjane, mkavu wa maneno, aliipokea salamu yake ya shikamoo kwa marahaba moja nzito na kumwonyesha kiti. Walikuwapo pia wifi yake, dada wa mchumba, na majirani wawili waliojifanya wamepita tu. Sinia ikaja. Glasi zimepangwa, maji yamejaa. Kitambaa akachukua ya kwake.

Akaishika ukingoni. Akaifuta kwa mtandio. Akaiinua dirishani, akafumba jicho moja.

Wallahi hakuwa na habari kwamba anafanya hivyo. Mikono ilikuwa imezoea kufanya kitu kimoja wiki nzima, ikakifanya. Na alichokiona mle ndani ya glasi kilimfanya aikawize mkononi kuliko kawaida, akaigeuza huku na huku, akasahau yuko wapi. Aliposhtuka, wote walikuwa wameziteremsha glasi zao. Wifi alikuwa anatazama zulia. Jirani mmoja alikuwa amebana midomo kwa namna ya mtu aliyepata habari ya kwenda nayo nyumbani.

"Umeona nini, mwanangu?" mama mkwe akauliza.

Hapo ndipo ulimi ulipomsaliti. Angeweza kusema mengi. Alisema, "Hakuna kitu, mama," kwa sauti ndogo ya mtu aliyekamatwa, kisha akainywa glasi nzima kwa mkupuo mmoja ili aonekane ameridhika, akapaliwa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Mchumba wake alimpiga mgongoni. Mambo yakazidi kuharibika.

Mara ya pili alipokwenda pale, sinia ilikuja kama kawaida, glasi zimepangwa, na katikati yake kikombe cha bati. Cha buluu, kimebanduka rangi sikioni. Mama mkwe alimgeuzia sinia mpaka kikombe kikamkabili, akamwambia, "Karibu, mwanangu." Kitambaa akatazama ndani. Aliona uso wa maji na giza chini yake, basi. Kikombe cha bati hakikaguliki.

Tangu siku hiyo, miaka ikaenda. Harusi ikapita, watoto wakazaliwa, wakaota meno, yakang'oka, wakaota mengine, na kila alipofika kwa mama mkwe, watu wote walipewa glasi na yeye akapewa kikombe chake cha bati. Siyo kwamba alichukiwa. Tuwe wakweli, mama mkwe alikuwa mwema kwake kuliko wakwe wengi wanaosifiwa. Alipojifungua mtoto wa kwanza, mama huyo alihamia kwake, akawa anamwogesha mtoto, anafua, anapika, anamfukuza mwanawe mwenyewe chumbani ili mzazi alale. Lakini hata huko, ndani ya nyumba ya Kitambaa, aliifungua kabati, akazipita glasi zote, akatafuta mpaka akakuta kikombe pekee kisichoonyesha ndani, na ndicho alichomletea maji kitandani. Ukimtazama usoni huoni hasira wala kejeli. Alikuwa amefunga hesabu yake na hakutaka kuifungua.

Mume alijaribu kusuluhisha. Alirudi na jibu: "Mama anasema hupendi glasi, kwani yeye anakulazimisha?" Binti yao, alipokuwa mdogo wa kuuliza kila kitu, aliuliza mbele za watu kwa nini mama anakunywa na bati. Bibi yake akamjibu bila kupepesa, "Mama yako anaona sana." Na Kitambaa mwenyewe, siku moja wakiwa wawili jikoni, alipiga moyo konde akaanza, "Mama, ile siku ya kwanza, ile glasi," na mama mkwe akamkatiza, "Glasi gani? Nisogezee hiyo chumvi."

Kazini aliligeuza mzaha. Alisema mkwe wake amegundua chombo ambacho mashine yoyote duniani haiwezi kukipima. Watu walivunjika mbavu, naye alicheka nao. Lakini liliuma. Liliuma zaidi siku za mikusanyiko, sinia inapozunguka na kile kikombe cha buluu kimesimama katikati ya glasi, na wageni wanajiuliza kimoyomoyo huyu ana ugonjwa gani. Hakutaka kitu kikubwa. Alitaka siku moja apewe glasi pale ndani kama mtu yeyote, na mama mkwe ajue kwamba siku ile hakumdharau.

Mtu angesema, si aache tabia ya kukagua glasi basi. Alijaribu. Akiwa nyumbani kwa watu alikuwa akiikalia mikono yake. Mumewe alisema anakaa kama mtu aliyeficha embe.

Kisha bomba kubwa likapasuka.

Lilipasuka upande ule ule wa mtaa wa mama mkwe, chini ya barabara, na mafundi wakashinda wakilichimbua na kulifunga. Maji yaliporudi, simu za kituo zikaanza kulia moja baada ya nyingine, na zote zilisema jambo moja. Maji ni meupe. Siyo ya kahawia kama watu walivyozoea bomba likitengenezwa. Meupe, mazito kwa macho, kana kwamba mtu amemimina maziwa kwenye tangi. Mwingine alisema ni chokaa. Mwingine alisema ni sumu ya panya. Mmoja alisema kwa uhakika kabisa kwamba kuna lori la rangi limeangukia ndani ya bwawa, na kwamba shemeji yake ameliona.

Mkuu wa maabara, ambaye sasa nywele zake zilikuwa nyeupe kuliko hayo maji, alikuja mpaka mezani kwa Kitambaa.

"Chukua kile kipimo cha mkononi uende. Watu wanasema watayaacha haya maji warudi kuchota kwenye dimbwi la zamani, na lile dimbwi tunalijua sisi wote. Utapimia bomba la kwanza baada ya valvu."

Kitambaa alijua bomba la kwanza baada ya valvu ni la nani. "Hakuna bomba jingine?"

"Liko la pili. Lakini unajua mwenyewe tunaanza na la kwanza."

Alijua. Akatoa kitambaa chake msumarini, akakikunja, akakiweka kifuani ndani ya nguo, akashuka ngazi. Dereva alitaka kumpigisha hadithi njiani, akaona uso wake, akaacha.

Ua wa mama mkwe ulikuwa umejaa. Kulikuwa na ndoo, madumu, masufuria, vyote vimejaa maji meupe, na kila mwenye chombo amesimama karibu na chombo chake kama ushahidi. Aliyekuwa anaongea zaidi ni fundi cherehani wa jirani, mtu mwenye tepu shingoni hata anapokwenda msibani. Mama mkwe alisimama mlangoni, mikono ameikunja, mwenye nyumba ambaye ua wake umegeuzwa mkutano bila yeye kuulizwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiyo kazi yenu hii?"

"Ndiyo, mama. Nimekuja kuitazama."

"Kutazama unajua," mama mkwe akasema, na wifi, aliyekuwa nyuma yake, akatazama chini kama alivyolitazama lile zulia.

Kitambaa akafungua kasha. Akafungua bomba, akaacha maji yatiririke, akakinga kichupa. Yalikuwa meupe kweli. Moyoni alikuwa ameshashuku jambo, maana tope halina rangi hiyo, lakini kushuku si kazi aliyoajiriwa. Akakishika kichupa shingoni, akakifuta, akatoa kijichupa chake cha mafuta, akadondosha tone.

"Ngoja," fundi cherehani akasema. "Hicho unachopaka ni nini?"

"Mafuta. Ya kuziba mikwaruzo ya kioo, ili mashine isidanganyike."

"Mmesikia, jamani?" Fundi akawageukia watu. "Siku zote tunasema watu wa maji wanatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Leo tumeletewa na chupa yenyewe, na mafuta yenyewe."

Ua mzima ukaangua kicheko. Hata dereva wa kituo, msaliti, aligeuza uso akacheka. Kitambaa naye aling'ata mdomo, maana kusema ukweli ilichekesha. Akakitumbukiza kichupa, akafunika. Namba ikaruka juu, juu kuliko alivyowahi kuiona baada ya mvua kubwa. Fundi alikuwa ameshainama begani kwake, akaisoma kwa sauti. Minong'ono ikapita uani.

"Subirini kidogo," Kitambaa akasema.

Wakasubiri. Namba ikaanza kushuka. Ikashuka, ikasimama, ikashuka tena, mpaka ikafika pale inapokaa siku za kawaida.

"Mashine yao, chupa yao, mafuta yao," fundi cherehani akasema, safari hii bila mzaha. "Namba imeteremka yenyewe tunaiona. Mtu akuletee nguo yako imepungua bila kukatwa, utaivaa?"

Na hakukosea. Mimi pia ningesema hivyo. Mtu ambaye hajawahi kukaa na mashine ile, kwa nini aiamini? Kitambaa aliona kwamba namba haitamsaidia kitu pale. Watu wale walihitaji kuona kwa macho yao, katika chombo wanachokijua, kikubwa, cha nyumba hii hii. Akamgeukia mama mkwe.

"Mama, naomba chombo chako. Chochote kirefu."

Mama mkwe akaingia ndani. Akatoka na kikombe cha bati.

Sidhani alikusudia ubaya. Mkono wake nao ulikuwa umezoea. Kwa mkwe huyu, mkono huenda kwenye kikombe hicho, na ndiko ulikokwenda. Lakini akamnyooshea mbele ya mtaa mzima, buluu, na sikio lake lililobanduka, na Kitambaa akakitazama, na miaka yote ikamrudia. Akaona uso unamwiva. Angeweza kukipokea na kutafuta glasi kwa jirani. Ingekuwa rahisi, na wakwe wangeendelea kuishi kama walivyoishi.

"Mama," akasema, "humu hatutaona."

"Unataka nini, basi?"

"Naomba glasi."

Neno lile hakuwahi kulitamka ndani ya nyumba ile tangu mazungumzo ya chumvi. Wifi aliacha kutazama chini. Mama mkwe akageuka, akaingia, na kutoka alitoka na glasi ndefu, ameishika kupitia kitambaa, kidole chake hakigusi kioo hata kidogo. Akaitoa mbele. Kitambaa akairudisha mikono yake nyuma.

"Siishiki, mama. Ishike wewe. Ijaze wewe."

"Mimi?"

"Ni maji yako na glasi yako."

Mama mkwe akaenda kwenye bomba, akajaza. Nyeupe pe. Watu wakasogea.

"Sasa iinue. Kuelekea kwenye mwanga."

Mama mkwe akasita, glasi kifuani. Alitazama watu, akamtazama mkwe wake, na kwenye uso ule mkavu kukapita kitu kinachofanana na haya. "Niiinue hivi hivi, mbele za watu?"

"Iinue, mama. Usitazame juu. Tazama chini kabisa, pale kwenye tako la glasi."

Akaiinua. Akafumba jicho moja, bila kuambiwa. Watu wakanyoosha shingo. Na chini kabisa, juu ya tako la glasi, ukatokea ukanda mwembamba wa maji maangavu. Ukapanda. Weupe ukawa unainuka, unasukumwa juu taratibu, na chini yake yanabaki maji maangavu ya kuona mpaka upande wa pili, mpaka kile kitambaa mkononi mwa mama mkwe nyuma ya kioo, mpaka ukuta, mpaka tepu ya fundi cherehani aliyekuwa amekwenda kuchungulia upande ule.

"Ni hewa," Kitambaa akasema. "Bomba lilipofunguliwa hewa iliingia, maji yakarudi kwa nguvu yakaibana ndani. Ni mapovu, madogo mno huwezi kuliona moja moja. Povu hupanda juu, kwa hiyo maji yanaanza kuwa safi toka chini. Yangekuwa tope au chokaa ingekuwa kinyume, uchafu ungetua chini na juu ndiko kungeanza kusafika. Mashine haijui povu na tope, kwake yote ni ukungu. Ndiyo maana namba ilipanda kisha ikashuka."

Fundi cherehani akaichungulia glasi toka upande wake, akatazama ndoo yake, akaitazama glasi tena. "Sasa shemeji wa yule mtu aliona lori gani?" akauliza, na hapo ndipo ua ulipochangamka. Kila mtu akataka kujaza cha kwake. Zikatoka bilauri, zikatoka chupa tupu za soda, mtungi wa maua wa mtu ukatoka, na mtaa mzima ukawa umesimama kwenye jua umenyanyua vioo juu na kufumba jicho moja moja. Dereva alisema hajawahi kuona watu wengi namna ile wamekuwa Kitambaa kwa wakati mmoja.

Kitambaa alichukua sampuli nyingine za kwenda kupimwa kituoni, maana kuna mambo ambayo mwanga hauyaonyeshi, akawaambia waache bomba litiririke kidogo kila waufunguapo mfereji mpaka hewa iishe. Watu wakabeba ndoo zao. Aliporudi kulifunga kasha, mama mkwe alikuwa bado amesimama pale pale karibu na bomba, glasi mkononi, maji yake sasa maangavu kabisa.

"Na ile siku," mama mkwe akasema, "uliona nini?"

Kitambaa alitaka kuuliza siku gani. Akaona haya kufanya hivyo.

"Sikuona hata alama moja ya kidole, mama. Wiki ile nilikuwa nimeanza kazi. Kila kichupa nilichofuta nilirudishiwa. Nilikuwa nalia chooni. Halafu nikaja kwako, nikainua glasi, nikaona kioo kimefutwa jinsi ambavyo mimi nimeshindwa wiki nzima. Nilikuwa natafuta alama nikakosa. Nilitaka kukuuliza unafutia nguo gani. Nikaogopa."

Mama mkwe aliyamwaga maji kwenye shina la ua lake, akaanza kuifuta glasi na kile kitambaa, pole pole, ndani na nje.

"Mlipoondoka," akasema, "nilizitoa glasi zote. Nikaziinua kwenye taa, moja moja. Sikuona kitu. Nikasema, basi huyu binti anaona ambayo mimi sioni, na kila akija atayaona. Nikasema heri nimfiche."

"Pole, mama."

"Ungeniuliza hiyo nguo."

"Uliniletea kikombe cha bati."

Mama mkwe akaguna, na mguno ule, kwa wanaomjua, ni kicheko. Akamwonyesha kile kitambaa. "Ni foronya. Iliyofuliwa mpaka ikachoka. Nguo mpya inaacha nyuzi."

"Najua, mama," Kitambaa akasema, akatoa cha kwake kifuani, wakavilinganisha hapo bombani, wakivipapasa kwa vidole kama watu walioko dukani.

Wikiendi iliyofuata walikwenda kumsalimia, Kitambaa, mumewe na watoto. Sinia ikaja. Glasi zimepangwa, na katikati kikombe cha bati. Kitambaa alikiona, mkono ukaenda huko huko kwa mazoea. Mama mkwe akaizungusha sinia. Kikombe kikasimama mbele ya mwanawe.

"Mimi?" akasema fundi wa kufuli.

"Glasi zimepungua, moja imevunjika. Na wewe una maneno mengi, unywe usichokiona."

Mbele ya Kitambaa ilikuwa glasi. Aliitazama ikiwa mezani, bila kuigusa. Kisha akaishika barabara, kwa kiganja kizima, vidole vyote vimelala juu ya kioo kama mtu yeyote anavyoshika glasi, na mkono wa pili akaukalia. Hakuifuta. Hakutazama dirishani. Akainywa mpaka nusu, akairudisha mezani kwa adabu, akashusha pumzi. Mumewe alimwonyesha dole gumba chini ya meza.

Mama mkwe alikuwa amesimama bado, sinia tupu kifuani.

"Hukuitazama," akasema.

"Sikuitazama, mama."

"Kwa nini? Nimeisugua tangu asubuhi."

Kitambaa akamtazama usoni, akaona hatanii. Basi akaichukua tena, akaifuta alama zake mwenyewe kwa upindo wa mtandio, akaishika ukingoni, akaiinua kuelekea dirishani. Mama mkwe akaweka sinia chini, akavuta kiti, akakaa karibu yake bega kwa bega, naye akafumba jicho moja. Kitambaa aliigeuza taratibu ili wote wawili waone vizuri, pande zote, bila haraka.

"Unaona nini?" mama mkwe akauliza.

"Hakuna kitu, mama."